Maoni Yangu Juu ya Hadithi za Upelelezi

Muhula huu nimesoma vitabu vitano vya upelelezi, kimoja kwa Kiingereza na vinne kwa Kiswahili. Navitaja mapema ili msomaji ajue kwamba sisemi mambo ya kusikia. Cha kwanza ni The Hound of the Baskervilles cha Arthur Conan Doyle wa Uingereza. Cha pili na cha tatu ni Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi, vyote viwili vya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Cha nne ni Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, na cha tano ni Kufa na Kupona cha Elvis Musiba.

Nimeona vema kuandika maoni yangu katika gazeti letu, kwa sababu katika shule yetu vitabu vya namna hii havina sifa njema. Wenzetu wengine husema ni vya kupitishia wakati tu. Wengine, nao ni wakubwa kwetu, husema vyafundisha wizi na uuaji. Kwamba kijana akisoma leo jinsi mwizi alivyofungua kabati, kesho naye atafungua kabati la mwenzake. Kitabu cha upelelezi kikionekana juu ya deski wakati wa prepu hunyang'anywa, lakini anayelala usingizi juu ya kitabu cha historia huachwa alale.

Mimi nina mawazo mengine. Naamini kwamba hadithi njema ya upelelezi yamfundisha kijana jambo moja ambalo ni shida kulipata mahali pengine, nalo ni kwamba mtu asihukumiwe kwa kushukiwa tu. Watu hudhani kazi ya mpelelezi ni kumkamata mwovu. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, tena ndiyo kubwa, ni kumwokoa asiye na hatia. Nitavipima vitabu vyangu vitano kwa kipimo hicho.

Nianze na kile cha Kiingereza. Hadithi hii ilitolewa kidogo kidogo katika gazeti kati ya mwaka 1901 na 1902, ikawa kitabu mwaka 1902. Bwana mmoja tajiri afa karibu na nyumba yake, mahali pa upweke penye mabwawa na ukungu, na karibu na maiti zaonekana nyayo za mbwa mkubwa ajabu. Jamaa ya bwana huyo ina hadithi ya zamani ya mbwa wa kishetani awafuataye kizazi hata kizazi. Basi kila mtu asema, ni yule mbwa wa laana. Ndipo aitwapo Sherlock Holmes.

Kitabu kina zaidi ya miaka 120, kwa hiyo wenzangu watanisamehe nikitoa siri moja ndogo. Mrithi wa yule tajiri afikapo London, aibiwa kiatu kimoja kipya hotelini. Kisha kiatu kile charudishwa, na badala yake chaibiwa kiatu kikuukuu. Watu wacheka. Mwizi gani huyu arudishaye kipya na kuchukua kikuukuu? Lakini Holmes hacheki. Yeye afikiri hivi: kiatu kipya hakijavaliwa, hakina harufu ya mwenyewe, aliyekitaka kikuukuu ataka harufu, na harufu ni kwa ajili ya mbwa wa kweli mwenye pua. Shetani hana haja ya kunusa kiatu ili amjue mtu. Kwa kiatu kimoja tu hadithi ya laana yaanguka, na yabaki kumtafuta binadamu mwenye mbwa. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya, maana niliona jinsi jambo dogo, ambalo mimi nililipita bila kulitazama, lilivyobeba nyumba nzima.

Tena yuko mtumishi wa nyumba hiyo, Barrymore, mwenye ndevu nyeusi. Mtu mwenye ndevu nyeusi alionekana akimfuata mrithi mjini. Na usiku Barrymore huyu aonekana akinyatia dirishani na mshumaa. Mimi nilikwisha kumfunga jela katika moyo wangu. Nanyi mtakaposoma mtamfunga. Kumbe ndevu za yule wa mjini ni za bandia, na mshumaa una sababu yake, tena ni sababu ya huruma. Hapo ndipo nilipoona nguvu ya kitabu. Mwandishi amtia msomaji katika kundi la wasemao "ni huyu, ni huyu", kisha amwonyesha kwamba huyu siye.

Sasa nije kwetu. Mzimu wa Watu wa Kale kilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi yaliyofanywa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa mwaka 1960. Hao wasemao kwamba upelelezi ni mambo ya ovyo ya vijana wa siku hizi wajue kwamba mpelelezi wetu Bwana Msa, pamoja na kiko chake, ana umri kuwapita baba zetu wengi. Humo maiti ya mtu mwenye mali yaonekana mahali pa mizimu, na papo hapo watu wana jawabu, ya kwamba ni wale wa kale waliokasirika. Bwana Msa hawatukani wazee wala haidharau mila yao. Yeye auliza tu maswali ya kawaida. Nani alimwona mwisho? Nani apata faida? Nani asema jambo lisilolingana na alilolisema jana?

Nimesoma kwamba Muhammed Said Abdulla, kabla ya kuwa mhariri wa gazeti mwaka 1948, alifanya kazi kwa muda wa miaka 10 katika idara ya afya. Sikustaajabu. Mtu wa afya akiona ugonjwa kijijini hutazama kisima na mitaro na vyoo. Haulizi nani kamloga nani. Naona kama Bwana Msa alizaliwa katika kazi hiyo. Hata kitabu cha pili, Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, kina jina la mahali ambapo katika masimulizi ya Zanzibar ni pa wachawi. Mwandishi apenda kumwingiza msomaji kwa mlango wa hofu na kumtoa kwa mlango wa akili.

Kiswahili chake nacho ni chakula. Mazungumzo ya watu wake ni ya barazani hasa, yana mzaha na mafumbo, na mtu aliyezaliwa bara kama mimi lazima asome na kamusi ubavuni, wala hajuti. Ila nina lawama moja. Mara nyingine Bwana Msa huweka mambo kifuani mpaka mwisho, kisha huwakusanya watu na kutufungulia undugu na mambo ya zamani ambayo sisi wasomaji hatukuwa na njia ya kuyajua. Yuko padre mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, naye mwandishi wa hadithi za upelelezi, ambaye mwaka 1929 alitoa amri kumi za kazi hiyo. Mojawapo ni kwamba mizuka na nguvu za ajabu zisitumike kuifumbua siri, na nyingine ni kwamba kila dalili aionayo mpelelezi aonyeshwe na msomaji papo hapo. Katika amri ile ya mizuka Bwana Msa apata maksi zote. Katika hii ya dalili ningempa nusu.

Simu ya Kifo kilitoka mwaka 1965. Mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni polisi wa serikali, si bwana mwenye nafasi yake kama Holmes na Bwana Msa. Jambo hilo nililipenda. Polisi hana ruhusa ya kukaa kitini na kiko akingoja wazo. Ana wakubwa wamngojeao na raia walio na hofu. Nilipenda pia kwamba hofu ya kitabu hiki haitoki katika mzimu wala kisima, yatoka katika simu, chombo cha kisasa. Wakati huo simu ilikuwa ya waya na ilikuwa ya wachache. Leo karibu kila nyumba ina simu ya mkononi, na uongo waingia mfukoni mwa mtu hata akiwa shambani. Natamani mwandishi kijana wa siku zetu atuandikie hadithi ya upelelezi juu ya ujumbe wa uongo upitao katika simu mia kwa usiku mmoja.

Kufa na Kupona kilitoka mwaka 1974, na shujaa wake ni Willy Gamba. Kitabu hiki nilikimaliza kwa siku mbili, na nusu yake kwa mwanga wa tochi. Hakichoshi hata kidogo. Tena kina heshima yake katika historia. Tangu mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na kitabu kilipotoka Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru. Zilipata mwaka 1975. Adui wa Willy Gamba ni wale waliotaka kuuzuia ukombozi huo. Msomaji wa siku zile bila shaka aliona kitabu kinamhusu yeye na nchi yake.

Lakini kwa kipimo changu Willy Gamba yuko chini ya Bwana Msa. Sababu yangu ni hii. Willy hushinda kwa ngumi na bastola. Wale awapigao ni waovu, nasi twajua hivyo, na hatuna wakati wa kujiuliza, "Je, na kama siye?" Wanawake nao wamewekwa zaidi kwa ajili ya uzuri wao kuliko akili zao, na dada zetu wakisoma watakuwa na neno la kusema. Sikatazi mtu kukisoma, na mimi mwenyewe nitatafuta vingine vya Musiba wakati wa likizo. Nasema tu kwamba chasisimua damu kuliko kunoa akili, na shaka ndiyo inayoinoa akili.

Msomaji aweza kuniambia, "Haya yote ni ya vitabuni; duniani hayamfai mtu." Nami nitamjibu kwa habari za huyo huyo Conan Doyle. Mwaka 1903 katika kijiji cha Great Wyrley, Uingereza, farasi na ng'ombe walikuwa wakikatwa visu usiku. Alishtakiwa kijana mmoja mwanasheria, George Edalji, ambaye baba yake alikuwa kasisi aliyetoka Bara Hindi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 7. Alitumikia mitatu akaachiliwa mwaka 1906, lakini hatia ikabaki juu ya jina lake. Conan Doyle alipokutana naye alimkuta akisoma gazeti akiwa amelisogeza karibu mno na macho. Akajiuliza, mtu wa macho kama haya awezaje kupita mashamba usiku wa giza, kumtafuta mnyama, kumkata, na kurudi bila kuonekana? Akaandika magazetini mwaka 1907, na mwaka huo huo Edalji akasamehewa kosa lile, ingawa hakulipwa fidia. Mwandishi aliyezoea kutazama viatu na ndevu katika hadithi alitazama macho ya mtu wa kweli, akamwokoa.

Yafaa niseme na upande wa pili, maana haki ni kwa wote. Bwana huyu huyu mwaka 1920 aliandika kwamba picha zilizopigwa na wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley zaonyesha vijimtu vyenye mabawa, kama vibwengo wa hadithi za watoto. Aliamini kwa moyo wote, hata akaandika kitabu kizima mwaka 1922. Mwaka 1983 wasichana wale, wakiwa sasa ni bibi wazee, walikiri kwamba vijimtu vile vilikuwa vya karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Basi kuandika upelelezi hakutoshi, na kuusoma hakutoshi. Aliuliza swali juu ya Edalji; juu ya zile picha alizozipenda hakuuliza vya kutosha. Twapaswa kuuliza hata pale moyo unapotaka kuamini, naam, hasa pale.

Hapa shuleni pia lilitokea jambo ambalo wengi wa bweni letu walikumbuka. Mwenzetu alipotelewa na Shs. 15,000/- katika tranka lake siku ya Jumamosi. Kabla jua halijatua jina lilikwisha kupatikana: mtoto mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye kwao ni maskini, na aliyesemekana kuonekana ndani ya bweni wenzake wakiwa uwanjani. Wengine walitaka apigwe mpaka aseme. Wengine walitaka kuchanga fedha waende kwa mganga akapige ramli. Kiranja wetu aliuliza maneno matatu tu. Fedha zilionekana mara ya mwisho saa ngapi? Aliyemwona mtoto alimwona uso? Na mtoto mwenyewe asema alikuwa wapi? Ikajulikana kwamba fedha zilikuwako saa tatu asubuhi na saa saba hazikuwako. Shahidi hakuona uso. Aliona kwa mbali mgongo wenye sweta la buluu, na masweta ya buluu katika shule hii ni sisi sote. Mtoto alisema alikuwa zahanati ana homa. Daftari la zahanati lilipotazamwa, jina lake lilikuwamo tangu saa mbili na nusu, na muuguzi alisema alilazwa kitandani hadi saa nane.

Aliyeiba hajajulikana mpaka leo. Mwenye fedha hakuzipata, na namwonea huruma. Lakini mtoto wa watu hakupigwa, hakufukuzwa, na yumo darasani. Wale walioona kwamba kazi ya kiranja ilikuwa bure kwa kuwa mwizi hakukamatwa, mimi nawauliza: kama angepigwa yule mtoto, fedha zingerudi?

Jambo hili si la bweni peke yake. Mimi natoka Usukumani. Huko na katika sehemu nyingine za Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wengine dalili pekee iliyotajwa ilikuwa macho yao mekundu. Mtu atazame jikoni. Mwanamke aliyepika kwa kuni tangu utoto wake, na mahali pasipo miti akapika kwa samadi kavu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa miaka 50 au 60, macho yake yatakuwa na rangi gani? Moshi ndio uliomtia wekundu. Bwana Msa angeingia jikoni kwanza, angekohoa, angefuta machozi, na kesi ingekwisha hapo. Lakini watu hawaingii jikoni. Mtoto afapo, kijiji chataka jina, na jina lapatikana upesi kwa mtu asiye na mtoto mwenye nguvu wa kumsemea. Elimu yetu, ikiwa haitupi ushujaa wa kusimama katika msiba na kuuliza "mmejuaje?", sijui ni elimu ya nini.

Ndiyo maana sikubali kwamba vitabu hivi vyafundisha wizi. Mwizi hana haja ya kusoma kurasa 200 ili ajue kuvunja kufuli. Tena katika vitabu hivi mwovu hufichuliwa kwa kitu kidogo alichokisahau, na fundisho hilo halimpi mtu hamu ya kuiba. Na kwa wale wasemao havimo katika mitihani, nakiri havimo. Hata akili ya kumtambua mwongo haina mtihani wake, lakini tutahitaji kuitumia kila siku baada ya kutoka hapa.

Naomba mambo mawili. Kwanza, Mwalimu wa Maktaba atutengee rafu moja ya hadithi za upelelezi za Kiswahili, za zamani na za sasa, ziazimwe kama vitabu vingine. Kwa sasa nakala zilizopo huzunguka kwa siri chini ya magodoro, nazo zimekwisha majalada, na Mzimu nilichosoma kilikosa kurasa nne za katikati. Pili, chama chetu cha Kiswahili kichague hadithi moja kila muhula, isomwe kwa sauti jioni, na ikomee kabla ya sura ya mwisho. Kisha kila mmoja aandike katika karatasi jina la amshukuye na dalili zisizopungua tatu. Atakayeandika jina bila dalili asihesabiwe, hata kama jina ni la kweli.

Najua wapo watakaonipinga, nami nawakaribisha waandike katika gazeti la muhula ujao. Ila nawaomba wasome kwanza angalau kimoja katika hivi vitano. Kitabu nacho kisihukumiwe kwa kushukiwa tu.

Mwanafunzi,
Kidato cha Nne